Kabla ya Kumpa Kipaza Sauti

Mtu ametubu dakika kumi zilizopita. Magoti ya suruali yake bado yana vumbi la sakafu, macho mekundu, na harufu ya pombe kali ya waragi ya jana haijamtoka mdomoni. Kanisa zima limesimama, ngoma inalia, akina mama wanapiga vigelegele. Mchungaji anamkumbatia, kisha anamshikisha kipaza sauti: "Ndugu, waambie watu Bwana amekutendea nini!"

Naye anasema. Anaeleza alivyokuwa akinywa, alivyoiba, alivyompiga mke wake, alivyolala gerezani. Kila anapozidisha ubaya wake, vigelegele vinazidi. Jumapili inayofuata anaitwa kanisa la jirani akaeleze tena. Wiki ya sita ameshapangiwa mkutano wa injili uwanjani. Mwezi wa nne haonekani, na ukiuliza habari zake utaambiwa kwa sauti ya chini kwamba amerudi nyuma.

Makanisa yetu hapa Uganda yanafanya hivi kwa moyo mweupe, kuanzia Malaba na Busia hadi Kasese, Arua na makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali. Hakuna anayemtakia ndugu yule mabaya. Lakini kipaza sauti kile kinamfundisha kwamba kilicho cha thamani kwake ni uozo wake wa zamani. Siku atakayokuwa hana la kusema ila "wiki hii sikunywa, na mikono ilinitetemeka", hakuna atakayepiga vigelegele. Tena, kati ya waliokuwa wakimsikiliza yumo mama aliyeibiwa naye kuku, na yumo kijana anayemdai. Wamemwona akishangiliwa, na deni lao halikutajwa.

Injili ya Yohana sura ya 11 ina jambo ambalo watu wanaopokea waliovunjika wanapaswa kulitazama kwa karibu. Lazaro alikaa kaburini siku nne. Yesu akamwita kwa sauti kuu, akatoka. Lakini alitokaje? Alitoka amefungwa sanda miguuni na mikononi, na uso wake umefungwa leso. Yule aliyeweza kumpa mfu uhai hakuzifungua sanda zile yeye mwenyewe. Aliwageukia waliosimama pale akawaambia wamfungue, wamwache aende zake. Kufufua ni kazi yake peke yake. Kufungua vitambaa alituachia sisi, na vitambaa hufunguliwa kimoja kimoja, kwa vidole, huku harufu ya kaburi ikiwapo bado.

Basi tuanze na kitambaa cha kwanza, yaani mwili.

Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi akiacha ghafla, mwili hushtuka. Saa 6 hadi 12 baada ya tone la mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho linatoka hata kukiwa na baridi, moyo unakwenda mbio, anatapika, usingizi hauji. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huchanganyikiwa kabisa: anaona wadudu wakitambaa ukutani, anasikia watu wakimwita, homa inapanda, hajui yuko wapi. Hali hii ya mwisho huua isipotibiwa.

Sasa fikiria inavyoonekana kwa ndugu wa maombi. Mtu ameokoka Jumapili. Jumanne usiku anapiga kelele, anapambana na vitu visivyoonekana, anatokwa na povu. Wanasema pepo la pombe limekataa kutoka. Wanamfunga kamba, wanamweka kwenye mfungo bila chakula wala maji, wanakemea mpaka asubuhi. Mwili ambao tayari umekauka kwa kutapika unanyimwa maji. Akifa, watasema shetani ameshinda, kumbe alikuwa wa kupelekwa hospitali tangu Jumatatu mikono ilipoanza kutetemeka.

Kwa hiyo swali la kwanza baada ya sala ya toba liwe hili, na aulizwe pembeni, si mbele ya watu: unakunywa kila siku? Ukiamka asubuhi unatetemeka mpaka unywe? Uliwahi kuanguka ulipojaribu kuacha? Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya haya, asiache pombe akiwa peke yake nyumbani. Apelekwe kituo cha afya cha ngazi ya nne, ambako kwa kawaida kuna daktari, au hospitali ya rufaa ya mkoa, ambazo zina vitengo vya afya ya akili. Hospitali ya Butabika, Kampala, ina wodi ya walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Huko hupewa dawa ya kutuliza mshtuko wa mwili inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo miili ya walevi wengi imeishiwa nayo. Waulizeni wahudumu kuhusu hiyo B1 kabla hajatundikiwa dripu ya sukari, kwa sababu sukari ikitangulia inaweza kumdhuru ubongo. Wawili wafuatane naye, waombe njiani, waombe kitandani. Maombi na dripu havigombani.

Akisema macho yanaona ukungu na tumbo linamkata vikali baada ya kunywa pombe ya kienyeji, msingoje hata saa moja. Hiyo huwa ni dalili ya methanoli, sumu ile iliyoua watu wengi Kabale mwaka 2010. Vile vipakiti vya waragi vilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini kinywaji chenyewe hakijaondoka mitaani.

Na dawa. Hili nalisema kwa uchungu. Mtu anayetumia ARV, yaani dawa za virusi vya UKIMWI, au dawa za kifafa, au za ugonjwa wa akili, asiambiwe azitupe madhabahuni kama alama ya imani. Anayeacha ARV hujisikia vizuri kwanza, ndiyo maana anadhani amepona. Kisha baada ya wiki chache virusi vinapanda tena, na vinaweza kuzoea dawa ile mpaka isimsaidie tena. Anayeacha dawa ya kifafa ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati. Kama Bwana amemponya, vipimo vya kliniki vitaonyesha, na daktari ndiye atakayepunguza vidonge. Wale wakoma kumi wa Luka 17 waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kukagua ngozi. Yesu hakuogopa kukaguliwa.

Mwili ukitulia, linakuja jambo ambalo wahubiri wetu hulipita haraka: saa za jioni. Mlevi haanguki saa nne asubuhi ya Jumapili katikati ya sifa. Anaanguka kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, siku aliyolipwa, akipita njia aliyoizoea. Upande wa Tororo na Teso wanaijua picha hii vizuri: chungu cha malwa katikati, pombe ya ulezi, maji ya moto yanaongezwa kila inapopungua, na watu wanane au kumi wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Pale hapana anayeulizwa umetoka wapi. Habari za msiba zinasikika pale, kibarua cha kesho kinapatikana pale, mtu anacheka pale. Mkimwondoa kwenye chungu kile mkamrudisha chumbani kwake peke yake na mshumaa, mmemwacha na kiu mbili.

Kwa hiyo ushirika uwekwe saa zile zile. Kwa siku 40 za kwanza, kila jioni awe na mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao. Si lazima iwe ibada. Kumenya mihogo pamoja, kuangalia mpira kwa shemasi, kumsaidia mzee kufunga kibanda chake cha duka, yote yanafaa. Wawili wapewe jukumu hili kwa majina: wanaume kwa mwanaume, wanawake kwa mwanamke. Akipewa mmoja tu, atachoka au atasafiri, na jioni ile ile mtu wenu atapotea. Mkiliachia kanisa zima, kila mtu atadhani mwingine amekwenda. Njia ya kurudi kutoka kazini ibadilishwe, hata kama inazunguka. Siku ya malipo mmoja wao amngoje pale pale kwenye malipo, waende pamoja kununua unga wa posho, maharage na sabuni kabla giza halijaingia.

Anayetoka gerezani ana jambo lake la ziada. Mara nyingi ameachiwa mbali na kwao, bila simu, na kitambulisho cha taifa hajui kiko wapi. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu, na bila simu hapati kibarua. Wiki ya kwanza, kabla ya kumfundisha kitabu cha Warumi, mtu amsindikize kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa pale atakapokaa, ajulikane, aandikiwe barua. Mgeni asiyejulikana kijijini ndiye wa kwanza kushikwa mbuzi akipotea, na kundi lenye hasira halisubiri maelezo. Tuseme pia jambo la lugha, maana linatuhusu. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya mwizi wa usiku, lugha ya "lala chini" na "toa pesa". Kwa aliyetoka gerezani ndiyo lugha aliyoamrishwa kwayo kila asubuhi. Anapoketi kanisani kwetu akasikia kwa Kiswahili hicho hicho kwamba baba alimwona mwanawe akiwa bado yuko mbali, akapiga mbio kumlaki, wengine huinama kwa muda mrefu. Waacheni wainame.

Sasa madeni. Hapa ndipo toba nyingi hukwama, na hapa ndipo kanisa huficha uvivu wake nyuma ya Maandiko. Tunamwambia mtu kwamba ya kale yamepita, tazama, yamekuwa mapya, kana kwamba Paulo aliandika yale kufuta hesabu ya kikundi cha akina mama. Paulo huyo huyo alimwandikia Filemoni habari za Onesimo, mtumwa aliyekuwa ametoroka, akasema kama amekudhulumu kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa. Hakusema yamepita. Alisema andika.

Hesabu yenyewe inakwendaje? Tuseme ndugu aliiba shilingi 400,000 za kikundi cha kuweka akiba. Walawi sura ya 6 inamtaka arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Sehemu ya tano ya 400,000 ni 80,000, jumla 480,000. Wengine watamtajia Zakayo aliyelipa mara nne, yaani 1,600,000. Mara nne ile inafanana na sheria ya mwizi wa kondoo katika Kutoka 22, na Zakayo alijipangia mwenyewe akiwa tajiri, Luka anasema hivyo waziwazi. Kibarua asipangiwe ya Zakayo na wazee ambao hawatalipa hata moja.

Anapata shilingi 10,000 kwa siku kwenye ujenzi, siku nne kwa wiki. Hiyo ni 40,000. Chakula, kodi ya chumba na matumizi ya watoto yanakula 30,000. Zinabaki 10,000. Mtu aliyeokoka juzi, moyo ukiwa bado unawaka, ataapa kulipa 20,000 kila wiki. Msikubali. Wiki ya tatu mvua itanyesha, kazi itasimama, atakosa, ataona haya, na kwa sababu ya haya hatakuja ushirika. Deni alilojipangia kwa furaha ndilo litakalomfukuza kanisani. Apange nusu ya kinachobaki, 5,000, na nusu nyingine ikae kwa ajili ya mtoto kuugua malaria. 480,000 kugawanywa kwa 5,000 ni wiki 96, karibu miaka miwili. Nunueni madaftari mawili yale ya shule, ya kurasa 96, moja lake na moja la kikundi. Kila wiki ukurasa mmoja: tarehe, kiasi, kilichobaki, sahihi ya aliyepokea. Wiki ambayo hakulipa nayo ina ukurasa, na mnaandika sababu. Kama anatuma kwa simu, anakili namba ya muamala. Asilipe kwa mkono gizani, kwa mtu mmoja, bila shahidi, hata kama wanaaminiana.

Asiende kwa mdai peke yake siku ya kwanza. Atangulie mzee, aongee, aulize kama wako tayari kumwona. Mengine yanawezekana kwa saa moja, mengine yatachukua mwezi. Wana haki ya kukataa kumwona na bado walipwe kupitia mzee. Kama mdai amekufa, Hesabu sura ya 5 inaelekeza: ndugu yake wa karibu alipwe, na kama hana ndugu, iende kwa kuhani. Kwetu naona ni haki iende kwa wajane wa mtaa ule, na isiingie kwenye mfuko wa mchungaji.

Na kwa muda wote huo, kanisa lisipokee kwake sadaka ya mbegu. Lisimwambie apande 50,000 ili Mungu amfungulie. Mathayo 5 inasema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale pale, nenda ukapatane naye kwanza. Pesa za mtu mwenye deni la wizi, zikiingia kapuni mwetu kabla hazijafika kwa aliyeibiwa, sisi tumekula na mwizi.

Kitambaa kigumu kuliko vyote ni nyumba. Mume ameokoka, na wazee wanampeleka kwa mke aliyempiga miaka kumi, jioni ile ile, na wimbo juu. Mama anasimama mlangoni, watoto wameshika kanga yake, kanisa lote linamwangalia. "Mama, msamehe, Bwana amembadilisha." Atasemaje? Atasema nimesamehe, kwa sababu hapana nafasi ya kusema kingine. Usiku atalala macho.

Kusamehe, kupatana na kuaminiana ni mambo matatu. Kusamehe mtu anaweza hata kama mkosaji hajaomba. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, tunda la uamsho wetu wa Afrika Mashariki, alilazimika kuikimbia nchi mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari. Huko uhamishoni akaandika kwamba anampenda Idi Amin. Amin hakuwa ameomba msamaha. Wala Kivengere hakurudi Kampala kwenda kukaa chini ya mkono wake. Alisamehe akiwa mbali, na umbali ule haukupunguza msamaha. Kupatana kunahitaji watu wawili, na mmoja wao awe amekiri bila kutafuta visingizio. Kuaminiana kunahitaji muda unaoonekana kwa macho.

Kwa hiyo mume huyo alale kwingine kwanza, kwa kaka yake au kwa shemasi. Atoe matumizi na karo kila mwezi, kupitia mtu, bila kudai kuonwa wala kusifiwa. Baada ya miezi mitatu, bila pombe na bila kumtishia mtu, kikao kifanyike mchana, na mama awe na watu wake: ssenga, yaani shangazi yake, mama yake mdogo, yeyote ambaye anaweza kusema mbele yake anayoyaogopa. Kabla ya kurudi kitanda kimoja wote wawili wapime virusi vya UKIMWI. Mama akisema bado, ni bado. Akisema hapana, kanisa liendelee kumlea mume katika imani bila kumfanya mama adui wa injili. Na akipigwa tena, Uganda ina sheria ya ukatili wa nyumbani tangu mwaka 2010. Mzee wa kanisa anayemzuia mama asiende polisi anamlinda aliyepiga.

Yako makosa ambayo hayaishii kwenye ushirika kabisa. Mtu akikiri kwamba amenajisi mtoto, mzee asimwahidi siri. Ataombewa, ataambiwa damu ya Yesu inatosha hata kwa hilo, kwa sababu inatosha, na jambo litapelekwa polisi siku hiyo, kwenye dawati la mtoto na familia. Simu ya bure ya kuripoti ni 116. Inaitwa Sauti, neno letu wenyewe. Wala ndugu huyo asipewe shule ya Jumapili baada ya miaka kumi wala ishirini. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliahidiwa peponi siku ile ile, na hakushushwa msalabani.

Turudi kwenye kipaza sauti. Mtu atauliza: je, Yesu hakumtuma yule mtu wa Wagerasi akahubiri mara moja? Na Paulo hakuhubiri Dameski siku chache tu baada ya kubatizwa? Ni kweli, na ni vizuri kuyasoma taratibu. Watu walipofika kumwona yule wa Wagerasi, Marko 5 inasema walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Mtu fulani alikuwa amempa nguo. Kisha Yesu hakumchukua kwenye ziara, ingawa mwenyewe aliomba kwenda naye. Alimwambia aende nyumbani, kwa watu wa kwake, yaani kwa wale wanaojua alivyokuwa na watakaoona kama amebadilika. Paulo naye, alichohubiri Dameski ni kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Kisha Wagalatia 1 inatuambia ilipita miaka mitatu kabla ya kupanda Yerusalemu, na alipofika wanafunzi walimwogopa. Barnaba ndiye aliyemshika mkono akamwingiza. Woga wa wanafunzi haukukemewa. Walitafutiwa mtu wa kumdhamini.

Walokole wa kwanza, yaani waliookoka wa uamsho ule, walikuwa na hekima hapa ambayo tumeipoteza. Mwezi Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyetumika Gahini, Rwanda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja siku mbili. Uamsho ulioenea baada yake, ukavuka hadi Kenya, Tanganyika, Burundi na Congo, ulikwenda kwa vikundi vidogo vya ushirika. Watu walikutana kila wiki, wakiungama waziwazi na kurudisha walivyoiba. Mwenendo huo waliuita kutembea nuruni, kwa maneno ya waraka wa kwanza wa Yohana. Nguvu ya ushuhuda wa namna ile iko katika wiki hii: nilimjibu mke wangu vibaya Jumanne, nikaenda nikamwambia. Ya miaka ishirini iliyopita yanatajwa kwa sentensi moja, kisha mtu anasonga mbele.

Anayeongoza ushirika leo anaweza kushika mipaka michache. Kwa miezi ya kwanza ndugu aseme katika kikundi cha watu wasiozidi kumi na wawili, kamwe si uwanjani. Dakika tatu, tano zikizidi. Ataje dhambi yake kwa jina bila kuichora, maana akieleza waragi ilivyokuwa ikiwaka kooni, walevi wenzake walioketi pale wataionja. Asitaje jina la mwanamke aliyezini naye wala la rafiki aliyeiba naye. Toba ya wenzake si mali yake. Asiseme jambo ambalo mwenye kudhulumiwa hajalisikia kwanza faraghani. Na akianza kurefusha, wazee waanzishe wimbo, kama ilivyozoeleka. Ule wa Kiganda wa kuishukuru damu umemkalisha chini kwa upole mtu mwingi.

Sasa, ataanguka? Wengi huanguka mara moja au zaidi katika mwaka wa kwanza, na kanisa lisilojitayarisha kwa hilo hupigwa na butwaa kana kwamba limetapeliwa. Kinachofanyika siku ile ile ndicho kinachoamua. Wale wawili wamwendee kabla usiku haujaingia, na wasiende na Biblia iliyofunguliwa kwenye aya ya mbwa anayerudia matapishi yake. Waende na uji. Petro alimkana Yesu akiota moto wa makaa. Katika Yohana 21 alikuta moto wa makaa mwingine ufukweni, juu yake samaki, na mkate. Wakala kwanza. Maswali matatu yalikuja baada ya kula, na hakuna hata moja lililouliza kwa nini ulifanya vile. Nanyi msiulize kwa nini usiku ule. Ulizeni kama amekunywa maji, kama amelipoteza koti, kama kuna mtu amemuumiza. Kama alikunywa siku nyingi mfululizo, yale ya kutetemeka na hospitali yanaanza tena kama mwanzo.

Asubuhi yake ndipo mkae, mtafute pengo lilipokuwa: nani hakumngoja siku ya malipo, njia ipi aliipita, msiba gani aliulizia. Mara nyingine pengo ni lenu. Semeni hivyo mbele yake. Asiongozwe tena sala ya toba mbele ya kanisa zima kama mgeni, aombe pale pale alipoketi. Daftari lisitupwe wala lisianzwe jipya. Lifunguliwe ukurasa wa wiki ile, liandikwe tarehe, liandikwe "hakulipa, alianguka", na yeye mwenyewe aweke sahihi. Kisha mtu amsindikize kazini.